Kitabu cha Wanyama Wakubwa: Mwongozo Kamili wa Kukitengeneza na Mtoto wa Miaka 7 Hadi 10

Kila nikiwauliza wazazi kitabu cha wanyama walichotengeneza na mtoto kimekuwaje, jibu ni lile lile: "Tulikitengeneza, mtoto akafurahi, wiki iliyofuata hakumbuki chochote." Wengine hunionyesha kitabu chenyewe. Kurasa ni safi, picha zimebandikwa vizuri, na chini ya tembo pameandikwa "Uzito: kilo 6,000." Muulize mtoto kilo 6,000 ni kiasi gani. Atatazama juu, atatazama chini, kisha atasema, "Nyingi."

Kosa si la mtoto. Tumempa namba asiyokuwa na mahali pa kuiweka. Kilo 6,000 na kilo 60,000 kwake ni kelele moja.

Kwa hiyo katika mwongozo huu kuna sharti moja lisilovunjwa: namba haiingii kitabuni mpaka mtoto awe ameipima kwa kamba, kwa jerikani au kwa mfuko wa saruji. Nimeyafanya haya Jumamosi nyingi chini ya mwembe hapa Bweyale, na watoto wa kila kabila la barabara hii ya Gulu, na nimekosea karibu kila hatua kabla ya kuipata. Fuata mpangilio ulivyo. Wanaoruka hatua ya 3 na ya 4 ndio wanaorudi kulalamika.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kamba ya mita 6, ya katani au ya kufungia ng'ombe. Isiwe ya kuvutika. Kamba ikivutika, twiga ataongezeka kimo kila ukimpima.
- Futi ya fundi. Kama huna, rula ya shule ya sentimita 30 itafaa, ila uwe na subira.
- Vipande sita vya kitambaa vya rangi tofauti. Fundi cherehani yeyote atakupa mabaki bure.
- Kopo la majivu ya kuchorea ardhini.
- Jerikani la lita 20 na dogo la lita 10.
- Karatasi nne nyeupe. Zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16, ndizo tunazohitaji.
- Penseli, kifutio, kalamu za rangi, sindano kubwa na uzi.
- Ruhusa ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwombe siku moja kabla, asiye na haraka ya wateja ndiye mzuri.

Picha za kukata kwenye magazeti hazimo katika orodha, nami nimeziacha kwa makusudi. Sababu iko hatua ya 7.

Tenga Jumamosi tatu. Ukitaka kumaliza kwa siku moja utapata kitabu, lakini kitakuwa kitabu chako wewe.

## Hatua ya 1: Chagua wanyama sita, basi

Mtoto atataka ishirini. Kataa. Kurasa 16 zinagawanyika hivi: kurasa mbili kwa kila mnyama, ambazo ni 12, ukurasa mmoja wa majina, ukurasa mmoja wa uongo, na jalada mbele na nyuma.

Sita wangu ni tembo, kiboko, twiga, kifaru, gorila na mamba. Wote wako Uganda, wote ni wakubwa kweli, na kila mmoja ana jambo la kumfanya mtoto aache kinywa wazi.

Simba nimemwacha nje kwa sababu kwa uzito ni mdogo kuliko wengi wa hawa. Mtoto atagoma. Mwambie simba atakaa kwenye jalada la nyuma, peke yake. Mpaka leo hakuna mtoto aliyekataa mapatano hayo.

Tahadhari: usiruhusu chui milia. Watoto wetu wanamwona kwenye katuni na kwenye mablanketi, wanadhani yuko hifadhi yetu ya Kidepo. Chui milia ni mnyama wa Asia, porini Afrika hayupo. Mwenye madoa ndiye chui wetu.

Utajua umefaulu mtoto akikutajia sita wake kwa vidole vya mikono miwili bila kuangalia popote.

## Hatua ya 2: Sawazisheni majina

Hapa ndipo vitabu vingi vya Uganda vinapoharibika kimyakimya, na mzazi hagundui.

Mwambie mtoto wa Kiganda achore mamba. Atachora samaki mrefu. Hajakosea: kwa Kiganda *emmamba* ni kambare mamba, yule samaki wa matopeni, na ukoo mkubwa mzima unamheshimu kama mwiko wake. Mamba wa Kiswahili, yule wa meno na mkia, kwa Kiganda ni *goonya*.

Kisha kuna kiboko. Mtoto wa shule Uganda akisikia "kiboko" anafikiria fimbo ya mwalimu, na mikono inarudi nyuma yenyewe. Siku ya kwanza niliposema tutajifunza habari za kiboko, msichana mmoja aliuliza, "Kwani tumefanya nini?" Ukweli ni kwamba jina ni lile lile, mijeledi ya zamani ilitengenezwa kwa ngozi ya huyo mnyama.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza ni wa majina. Mtoto aandike jina la Kiswahili, halafu jina la nyumbani kwao. Tembo peke yake hujaza ukurasa: *enjovu* kwa Kiganda, *enjojo* kwa Kinyoro na Kinyankole, *lyec* kwa Kiacholi, *etom* kwa Kiteso. Jina usilolijua, mtume mtoto kwa bibi yake. Akirudi na jina atarudi na hadithi pia, nayo isikilizwe hata kama haiingii kitabuni.

Uliza pia mwiko wa ukoo wake. Mtoto wa ukoo wa Njovu (tembo) au wa Nvubu (kiboko) atamshughulikia mnyama wake kama ndugu.

Utajua umefaulu ukitaja jina la Kiswahili na mtoto akachora umbo linalofaa, hata kama ni baya.

## Hatua ya 3: Pimeni kimo kwa kamba

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ipe asubuhi nzima.

Laza kamba chini, futi ya fundi pembeni yake. Anzeni mwisho mmoja na kufunga kitambaa kwenye kila kipimo:

- mita 1.5: bega la kiboko
- mita 1.7: gorila dume akisimama kwa miguu miwili
- mita 1.8: bega la kifaru
- mita 3.3: bega la tembo dume
- mita 5: mamba mkubwa, pua hadi ncha ya mkia
- mita 5.5: twiga dume, kwato hadi pembe

Mtoto ndiye afunge, wewe ushike futi tu. Wazazi wengi hufunga wenyewe kwa sababu vifundo vya mtoto vinalegea. Viache vilegee, mtavikaza baadaye.

Vipimo hivi ni vya wanyama wazima wakubwa, si vya kila mnyama. Mweleze hivyo, kama ambavyo si kila baba ana kimo kimoja.

Sasa tafuteni mwembe, au ukuta mrefu wa kanisa, msikiti au darasa. Fungeni mwisho wa kamba kwenye ule mti mrefu wa kuangulia maembe, mtu mzima aunyanyue mpaka kamba iguse chini. Mtoto asimame chini ya kila kitambaa kwa zamu.

Mwache asimame hapo. Usiseme kitu. Chini ya kitambaa cha tembo huwa wanainua mkono, halafu wanaruka, halafu wanaomba wabebwe mabegani, na bado hawafiki. Chini ya cha twiga wanaangalia tu.

Tahadhari: mtoto asipande mti kwenda kushika kitambaa. Nimewahi kugeuka kidogo kunywa maji na nikakuta mmoja yuko kwenye tawi la tatu, anasema anataka "kumwona twiga machoni."

Mamba yeye hapimwi kwa kusimama. Mlazeni chini, mchore kwa majivu. Watoto walale kwenye mstari, kichwa kwa nyayo. Watoto wanne wa darasa la pili au la tatu wanatosha mamba mmoja. Kisha toa rula ya shule, uiweke pembeni ya mchoro: hiyo, sentimita 30, ndiyo urefu wa mtoto wa mamba anapotoka kwenye yai. Hapa huwa kuna kelele nyingi.

Kama huna mahali parefu, chora wote ardhini kwa majivu. Inafanya kazi, ila mtoto hukosa kile kizunguzungu cha kutazama juu, na nadhani kizunguzungu ndicho kinachokumbukwa.

Utajua umefaulu siku ya pili ukimuuliza, "Twiga ana kimo gani?" naye, badala ya kutaja namba, akageuza shingo kutazama pale juu ya mwembe.

## Hatua ya 4: Pimeni uzito kwa mifuko ya saruji

Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mtoto amewaona wabebaji wanavyopinda mgongo chini ya mmoja, kwa hiyo uzito wake anaujua bila kuubeba. Nendeni dukani.

Tahadhari: asiinue mfuko wala asichezee vumbi lake. Saruji inaunguza ngozi na macho. Anahesabu kwa macho tu.

Gawanyeni pamoja, kwa vijiti au mawe kama bado hajui kugawanya:

- gorila dume, kilo 180: mifuko mitatu na nusu hivi
- mamba wa mita 5, kilo 500: mifuko 10
- twiga dume, kilo 1,200: mifuko 24
- kiboko, kilo 1,500: mifuko 30
- kifaru mweupe, kilo 2,000: mifuko 40
- tembo dume mkubwa, kilo 6,000: mifuko 120

Duka tulilokwenda sisi lilikuwa na mifuko sabini na kitu. Watoto walihesabu mara mbili, wakabishana, wakanijia na taarifa kwamba tembo hajatimia, amepungukiwa miguu. Mwenye duka bado anawatania kila wakipita: "Tembo wenu nimemwagiza, atakuja na lori la Jumatatu."

Kumbuka kumwonyesha jambo ambalo macho hayalioni: twiga ni mrefu kuliko wote lakini mifuko yake ni michache kuliko ya kiboko, ambaye begani ni mfupi kuliko mwalimu. Acha mtoto ashangae mwenyewe kwa nini. Baadhi watasema, "Kiboko ni mnene," na hilo ni jibu sahihi kabisa.

Mkirudi nyumbani, pimeni maji. Tembo mkubwa anaweza kunywa lita 200 kwa siku moja. Hiyo ni safari kumi za jerikani la lita 20. Mtoto anayetumwa kisimani kila asubuhi haulizi maana yake. Anauliza nani anamtekea tembo.

Utajua umefaulu akianza kupima vitu vingine bila kuambiwa. Kijana mmoja hapa alikuja kunieleza kwamba fahali wa babu yake ni "mifuko tisa, lakini ana njaa."

## Hatua ya 5: Jazeni habari, kila mnyama mambo matatu

Mambo matatu tu: anakula nini, mtoto wake yukoje, na jambo moja la ajabu. Hapa chini kuna mengi kuliko matatu ili mtoto achague mwenyewe. Alichokichagua ndicho atakachokisimulia.

### Tembo

Anakula majani, nyasi, matunda na maganda ya miti, na dume mkubwa anaweza kumaliza kilo 150 kwa siku. Jike hubeba mimba miezi 22, karibu miaka miwili. Mweleze mtoto hivi: kama mama tembo angepata mimba wewe ukiwa unaanza darasa la kwanza, ungekuwa unamalizia la pili ndipo azae. Mtoto anayezaliwa ana kilo 100 hivi, yaani mifuko miwili ya saruji siku ya kwanza.

Mkonga hauna mfupa hata mmoja. Mwache mtoto ajaribu kuokota jiwe kwa mkono bila kukunja kiwiko wala kifundo, ataona mfupa unavyombana na jinsi mkonga ulivyo na uhuru.

Meno ya kutafunia humwota seti sita katika maisha yake. Ya mbele yakiisha yanasukumwa na ya nyuma. Seti ya sita ikisagika, tembo mzee hawezi tena kutafuna vizuri. Watoto hunyamaza hapa. Ni habari ya huzuni, lakini sijawahi kuona sababu ya kuwaficha.

Masikio nayo ni feni. Yana mishipa mingi ya damu karibu na ngozi, akiyapepea damu inapoa.

### Kiboko

Mchana yuko majini, usiku anapanda nchi kavu kula nyasi, kama kilo 40. Ndiyo, nyasi. Hali watu. Anaua watu, na hiyo ni habari nyingine ambayo mtoto wa pembeni ya maji lazima aijue: ukikaa kati yake na maji, au ukisogea karibu na mtoto wake, anakuja. Akikimbia anafikia kilomita 30 kwa saa, mwendo wa boda boda katikati ya mji. Mtu kwa miguu hamshindi.

Hajui kuogelea kama tunavyodhani. Anatembea chini, juu ya matope, akijisukuma kwa miguu, na anaweza kukaa dakika tano bila kupumua. Shindaneni kuziba pumzi. Watoto wangu hawajavuka dakika moja, na mimi nisiulizwe.

Ngozi yake hutoa majimaji mekundu. Si damu wala si jasho la kawaida; ni dawa yake ya jua, inayolinda ngozi isiungue. Meno yake makubwa ya chini yanaweza kufika nusu mita. Chukua rula moja na theluthi mbili ya nyingine.

### Twiga

Shingo yake ina mifupa saba. Ya mtoto wako nayo ina saba. Mwache apapase nyuma ya shingo yake huku ukimwambia. Tofauti ni kwamba kila mfupa wa twiga ni mrefu kama mkono wa mtu kutoka kwenye kiwiko hadi kifundo, au karibu hivyo. Ulimi ni dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Moyo ni kilo 11 hivi, zaidi kidogo ya jerikani la lita 10 lililojaa maji. Mpe alinyanyue. Moyo wenye nguvu hiyo unahitajika kupandisha damu mpaka kichwani, pale mlipofunga kitambaa.

Mama anazaa amesimama, kwa hiyo mtoto anaanza maisha kwa kuanguka karibu mita mbili. Naye mwenyewe ana kimo cha mita 1.8 siku anayozaliwa. Muulize mtoto nani nyumbani kwao anamzidi kichanga cha twiga.

### Kifaru

Pembe yake imetengenezwa kwa kitu kile kile cha kucha na nywele. Mwambie atazame kucha zake, hiyo ndiyo pembe. Haiponyi chochote, na kwa ajili yake Uganda ilimaliza vifaru wake wote wa porini mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, upande wa Nakasongola, kuna hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa. Mwaka 2005 waliletwa vifaru weupe wanne kutoka Kenya, na 2006 wawili kutoka Florida, Marekani. Mwaka 2009 akazaliwa mtoto wa kwanza, baba kutoka Kenya, mama kutoka Marekani. Wakamwita Obama. Ukimsimulia mtu mzima atacheka kabla yako. Mtoto wa miaka minane itabidi umweleze.

Kifaru mweupe si mweupe, ana rangi ya kijivu. Mjue kwa mdomo: ni mpana na bapa, wa kukatia nyasi.

### Gorila

Anakula majani, mashina na matunda, na wadudu kidogo. Kila jioni hujenga kitanda kipya cha majani, hata kama cha jana kiko hatua chache tu. Mtoto anazaliwa na kilo mbili tu, pakiti mbili za sukari, halafu dume anakua mpaka kilo 180.

Mikunjo ya pua yake haifanani na ya mwingine. Watafiti huichora ili kumtambua kila mmoja, kama alama zetu za vidole.

Hesabu ya 2018 ilikuta gorila wa milimani 459 katika msitu wa Bwindi na ule wa Sarambwe unaopakana nao upande wa Kongo. Ukijumlisha na wale wa milima ya Virunga, duniani kote ilikuwa 1,063. Mtoto akiwa paredi asubuhi katika shule yake kubwa ya msingi, mwambie ageuke aangalie: ni kama hao tu.

### Mamba

Mama hutaga mayai kama 50 mchangani. Joto la kiota ndilo linaloamua watakaototolewa wawe majike au madume. Wakitaka kutoka wanalia ndani ya yai. Mama huwafukua na kuwabeba majini kwa kinywa kile kile kinachotisha. Meno yakidondoka yanaota mengine. Inatosha.

## Hatua ya 6: Ukurasa wa uongo

Usiuruke, ndio watoto wanaoupenda kuliko yote. Mtoto aandike uongo kwa penseli, kisha aukate kwa mstari mwekundu na kuandika ukweli chini yake. Muhimu auandike yeye, kwa maneno aliyoyasikia nyumbani au shuleni.

Tuliyoyapata hapa: kiboko hutoka jasho la damu. Gorila hula watu. Simba ni mfalme wa msitu (simba hapendi msitu mnene, anaishi mbugani, wa Ishasha, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, hupanda miti, lakini ni miti ya mbugani). Mbuni huficha kichwa mchangani. Tembo anaogopa panya. Pembe ya kifaru ni dawa.

Tahadhari: uongo mwingine umetoka kwa babu. Usimfanye mtoto arudi nyumbani kumsahihisha mzee mbele ya wageni. Mfundishe kusema, "Babu, mwalimu ametuambia hivi, wewe unaonaje?"

## Hatua ya 7: Andikeni na kuchora

Ukurasa wa kushoto mchoro, wa kulia maneno. Sentensi tano, zisizidi. Kila sentensi yenye namba iwe na kipimo chake: "Tembo ni mifuko 120 ya saruji. Hiyo ni kilo 6,000." Kipimo kwanza, namba baadaye. Ukigeuza, mtoto atasoma namba na kuruka kilichobaki.

Achore mwenyewe. Mtoto anayebandika picha hahesabu vidole vya miguu. Anayechora lazima aulize: kifaru ana vidole vingapi? (Vitatu kila mguu.) Mkia wa twiga una nini mwishoni? Mchoro utakuwa mbaya, na wewe usiuguse. Nilimrekebishia mtoto mmoja mkonga, akafunga kitabu, na hakukifungua tena mbele yangu.

Kunjeni karatasi, shoneni katikati kwa uzi. Simba nyuma, na sentensi yake moja: "Ngurumo yangu inasikika kilomita 8." Hiyo ni karibu saa mbili kwa miguu. Watembezeni nusu saa tu, watakuamini.

## Hatua ya 8: Jaribio la wiki ya pili

Kaa siku kumi bila kutaja wanyama. Kisha ficha kitabu, umwite mdogo wake au mtoto wa jirani, umwambie amfundishe mnyama mmoja.

Usimsikilize mtoto wako tu, tazama mikono yake. Ikinyanyuka kuonyesha kimo, ikipapasa shingo, ikienda kutafuta jerikani, kazi imekwisha. Akitaja namba tupu huku anatazama dari, rudini kwenye kamba. Mara nyingi utakuta kuna mnyama mmoja ambaye siku ya kupimwa mtoto aliumwa, au alikuwa anagombania kitambaa chekundu.

## Mkienda kuwaona

Si lazima, na gharama si ya kila mtu. Lakini kama mnapita, daraja la Katunguru kwenye barabara ya Mbarara kwenda Kasese linavuka mfereji wa Kazinga, na viboko wamejaa majini humo. Zuu ya Entebbe ina simba na sokwe, na ni karibu kwa watu wa Kampala. Kwenye daraja la Karuma nyani watawafuata wenyewe. Fungeni madirisha, msiwape ndizi.

Pembeni ya ziwa au mto, watoto waondoke kabla jua halijazama. Saa hiyo viboko wanatoka kwenda malishoni, nao wana njia zao za kila siku. Ukiona njia mbili sambamba zilizokanyagwa kwenye nyasi kuelekea majini, msikae hapo kula.

Gorila, mtoto wako hatawaona. Aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kuwafuata msituni, kwa sababu wanaambukizwa magonjwa yetu kirahisi. Ni habari ngumu kwa aliyemchora siku tatu. Toa noti ya shilingi 50,000 umwonyeshe upande wa nyuma, wako pale. Hakikisha tu kalamu za rangi ziko mbali.